Kuusoma Mto kwa Mimea Yake: Mwongozo wa Mkula na Bonde la Kilombero

Mmea wa majini hauna pa kukimbilia. Ukishashika jiwe au tope, kila kinachopita na maji huupitia: baridi, mchanga, mbolea iliyooshwa shambani, kivuli cha mti ulioinamia mto. Ndiyo maana majani ya mtoni, pamoja na ule ute wa kijani au wa kahawia unaofunika mawe, hutunza kumbukumbu ya maji ya wiki na miezi iliyopita, ilhali chupa moja ya sampuli hueleza maji ya dakika ile tu. Ute huo ni mwani. Jina hilo wengi hulijua kwa zao la pwani, lakini mwani wa maji baridi ni ndugu yake: hauna mizizi wala majani ya kweli, na aina nyingi hazionekani bila hadubini mpaka zikusanyike maelfu kwa maelfu.

Mkula, chini ya milima ya Udzungwa kando ya barabara itokayo Kidatu kwenda Ifakara, ni darasa zuri kwa kazi hii kwa sababu maji hubadilika ndani ya masafa mafupi. Juu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992, yanashuka juu ya miamba chini ya msitu. Chini kidogo yanaingia banio, kisha mfereji mkuu, kisha majaruba ya mpunga. Mbele zaidi ni uwanda wa matope, matete na viboko, na mwisho wa yote ni mto Rufiji. Anayetembea njia hiyo kwa siku moja huona karibu kila hali ambayo maji yanaweza kuulazimisha mmea kuishi nayo.

Mwendo wa maji

Kasi huamua kabla ya kitu kingine chochote. Kuipima hakuhitaji chombo cha maabara. Huchaguliwa sehemu ya mfereji au kijito iliyonyooka, hupimwa mita 10 kwa kamba, kisha hutupwa chungwa hatua chache juu ya alama ya kwanza na sekunde kuhesabiwa kwa simu. Chungwa linafaa kuliko kijiti kwa kuwa huelea likiwa limezama karibu lote, upepo haulisukumi. Likitumia sekunde 25, maji ya juu yanakwenda sentimita 40 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, hivyo jibu huzidishwa kwa 0.85 ili kupata kasi ya maji yote, na hapa huwa sentimita 34. Kipimo hurudiwa mara tatu, maana chungwa nalo hunasa kwenye majani.

Maji yanayotambaa chini ya sentimita 10 kwa sekunde huacha tope laini litulie, na hapo ndipo mimea inayoelea na mwani wa nyuzinyuzi hujaa. Kati ya hapo na nusu mita kwa sekunde, mimea yenye mizizi na majani membamba kama utepe hustawi, mara nyingi vizuri kuliko kwenye maji yaliyosimama. Kila jani lililozama limezungukwa na tabaka jembamba la maji yasiyosogea, na chakula pamoja na hewa ya kaboni lazima vipenye humo polepole. Mkondo wa wastani hulipunguza tabaka hilo, jani likapata chakula upesi. Kasi ikikaribia mita moja kwa sekunde, mizizi hung'oka na majani huchanika. Panabaki kigaga cha mwani, kuvu za mawe za kijani ambazo kitaalamu ni mosi, na jamii moja ya ajabu inayostahili kutazamwa kwa karibu.

Jamii hiyo ni Podostemaceae, mimea ya maua inayoishi kwenye maporomoko na mawe ya mkondo mkali. Haina haja ya udongo. Hujibandika kwenye mwamba kama iliyogandishwa kwa gundi, na umbo lake hufanana na mwani kiasi cha kumdanganya hata mwanafunzi wa biolojia. Majira ya maji mengi hukua ikiwa imezama. Maji yakishuka na mgongo wa mwamba ukachungulia juani, huchanua vijiua visivyozidi kichwa cha kiberiti, hutoa mbegu laini kama vumbi, kisha hukauka na kufa. Mbegu hunata kwenye mwamba zikisubiri maji ya msimu ujao. Mabaki yake makavu yakionekana juu ya jiwe mwezi wa Septemba, yanaonyesha mambo mawili kwa pamoja: kimo cha maji ya masika, na kwamba mto ule bado unapanda na kushuka kwa majira yake. Bwawa likisawazisha maji mwaka mzima, mmea huo hukosa siku ya kuchanua.

Mafuriko nayo ni sehemu ya mwendo. Mvua za Machi hadi Mei hubiringisha mawe, na jiwe lililobiringishwa hutoka limekwanguka safi. Baada ya siku chache hurudi utando mwembamba wa bakteria na mwani wa kahawia. Wiki mbili au tatu za utulivu huufanya uhisiwe kwa kidole. Nyuzi ndefu za kijani huja baadaye, kuanzia Juni na kuendelea, maji yanapopungua na kutakata. Kwa hiyo mtu akitazama mawe mwezi Aprili akayaona safi, kisha Septemba akayakuta ya kijani, asikimbilie kusema mto umechafuliwa. Huenda tofauti yote ni idadi ya siku tangu furiko la mwisho. Swali la kwanza la kuuliza mtoni ni hilo: maji makubwa yalipita lini?

Mfano mkubwa wa nguvu ya mwendo upo upande wa magharibi wa bonde hili hili, kwenye korongo la Kihansi. Maporomoko yale yalikuwa yakirusha manyunyu mchana na usiku, na pembeni yake kuliota zulia la mimea isiyokauka hata siku moja. Humo alikutwa, mwaka 1996, chura mdogo asiyejulikana kwingineko duniani. Mitambo ya umeme ya Kihansi ilipoanza kazi mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji iligeuzwa kupita kwenye handaki. Manyunyu yakakatika, zulia likakauka, na mimea ya nchi kavu ikaanza kuingia. Vinyunyizio viliwekwa kuokoa kilichobaki, lakini mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kutoweka porini, akabaki yule aliyekuwa akifugwa Marekani. Zulia lile halikuhitaji maji kutiwa sumu wala kubadilika rangi ili likauke. Yalipungua tu.

Mwanga na tope

Ndani ya msitu wa Udzungwa mawe ya kijito huwa meusi au ya kahawia, na kijani ni kidogo. Mwanga unaofika chini ya miti mikubwa ni sehemu ndogo tu ya ule wa uwazini, na mwani mwingi wa kijani hautoshelezwi nao. Mwani wa kahawia, yaani diatomu, huvumilia zaidi. Hawa ni viumbe wa seli moja waliovaa ganda la silika, kitu kile kile kinachotengenezewa kioo, na ndiyo maana utando wao uliokauka huhisi kama unga wenye mchanga ndani.

Hapa pana kosa linalofanywa kila mara. Kijito kikigeuka kijani, lawama huangukia mbolea. Lakini mti ukikatwa ukingoni, maji yale yale, yenye chakula kile kile, huota kijani ndani ya mwezi mmoja kwa sababu ya jua tu. Njia ya kutenganisha mambo haya ni rahisi: hutafutwa sehemu mbili zilizo karibu kwenye kijito kimoja, moja ya kivuli na moja ya jua, bila mfereji wowote kuingia katikati. Mawe ya juani yakiwa ya kijani na ya kivulini ya kahawia, mwanga ndio uliotawala. Yote mawili yakiwa na kijani kizito, hapo ndipo pa kuanza kutafuta mbolea au kinyesi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi huichukulia kuwa sheria ya kulinda kingo zisimomonyoke, lakini kivuli cha ukanda huo ndicho pia kinachozuia mwani usijae.

Tope hufanya kazi ya kivuli kwa njia nyingine. Kipimo chake ni kisahani cheupe cha upana wa sentimita 20 au 30, na mfuniko wa ndoo uliopakwa rangi nyeusi na nyeupe kwa robo unatosha. Hufungiwa jiwe na kamba yenye mafundo ya kila sentimita 10, huteremshwa majini upande wa kivuli, na kina ambacho hutoweka machoni huandikwa. Mwanga wa kuotesha mmea huishia kwenye kina cha mara mbili hadi tatu ya hapo. Kisahani kikitoweka kwenye sentimita 20, kama kinavyofanya mara nyingi kwenye maji ya masika yaliyobeba udongo, mmea ulioota chini ya kina cha sentimita 60 haupati kitu. Mkondo wa kina wa mto Kilombero unakosa majani ya chini kwa sababu hiyo, hata kama maji yake yana rutuba. Chakula kipo, mwanga haupo.

Chakula kilichoyeyuka

Miamba ya Udzungwa ni ya kale sana, migumu, na huyeyuka kidogo mno. Maji yanayoipita hutoka yakiwa na madini machache, maji laini ambamo sabuni hutoa povu upesi. Mimea iliyozama kwenye maji ya namna hii hutegemea hewa ya kaboni iliyoyeyuka, kwa kuwa hazina ya bikaboneti, ambayo mimea mingine huweza kuitumia badala yake, ni ndogo. Maji laini pia hayana uwezo mkubwa wa kuhimili mabadiliko ya uchachu, jambo litakalorudi tukifika kwenye jaruba.

Vyakula viwili vinavyopungua kwanza ni nitrojeni na fosforasi. Kwa uzito, mwani huhitaji takriban sehemu 7 za nitrojeni kwa sehemu 1 ya fosforasi, na kinachoadimika ndicho hufunga breki. Kiasi chenyewe ni kidogo kuliko mtu anavyodhani: sehemu chache kati ya mia za miligramu moja ya fosforasi kwenye lita ya maji zinatosha kubadilisha sura ya kijito chenye jua. Gunia moja la mbolea ya kupandia likisombwa na mvua ya usiku si jambo dogo kwa maji.

Aina ya mmea huonyesha chakula kipo wapi. Mmea wenye mizizi, kama yungiyungi au matete, hula kwa kiasi kikubwa kutoka kwenye tope, hivyo unaweza kunawiri juu ya maji maskini ikiwa udongo wa chini ni tajiri. Mmea unaoelea hauna njia hiyo. Kila ulicho nacho umekitoa majini. Kwa sababu hiyo, zulia la mimea midogo inayoelea kwenye mfereji wa matupio, yaani ule unaotoa maji yaliyokwisha tumika shambani, ni ushahidi mzito zaidi wa mbolea ndani ya maji kuliko matete manene ukingoni. Anayetaka kujua shamba linapoteza kiasi gani hutembelea kwanza juu ya banio, kisha mfereji wa matupio, siku moja, na kulinganisha vinavyoelea.

Ndani ya jaruba

Jaruba la mpunga ni kijito kilichosimamishwa: kina kifupi, jua kali, tope la moto, mbolea. Mambo yote yaliyotajwa hapo juu hukutana humo kwa nguvu, na hasara yake huingia mfukoni, kwa hiyo inafaa kukaa hapo kidogo.

Asubuhi na mapema maji ya jaruba huwa na oksijeni kidogo na hewa ya kaboni nyingi, kwa kuwa usiku kucha viumbe vyote vilikuwa vikipumua bila jua la kutengenezea chakula. Jua likipanda, mwani huanza kuitumia ile hewa ya kaboni. Kufikia saa sita mchana vipovu vya oksijeni hunasa ndani ya nyuzi za mwani na kuubandua kutoka chini. Vipande vya ukubwa wa sahani hupanda juu, upande wa chini vikiwa bado na tope, na kuelea kama mikate iliyochacha. Wakati huo huo maji yamepoteza uchachu wake, na kipimo cha pH, ambacho alfajiri kilikuwa karibu na 7, kinaweza kufika 9 au kupita. Maji laini yasiyo na kinga hupanda upesi.

Kama siku mbili tatu nyuma ilimwagwa urea juu ya maji, hapo ndipo inapopotea. Urea hugeuka kuwa amonia. Kwenye maji ya pH 7 karibu yote hubaki majini katika hali isiyoruka, lakini pH ikifika 9 kwenye joto la mchana karibu nusu yake huwa gesi, na upepo huichukua. Mkulima huona mpunga haujakolea, akadhani mbolea ni feki. Mara nyingine mbolea ilikuwa nzuri, ila mwani ndio ulioirusha. Kumwaga jioni peke yake hakutoshi, kwa sababu urea huchukua siku kadhaa kugeuka, na jua la kesho na keshokutwa litaikuta bado majini. Kinachosaidia ni kupunguza maji mpaka tope lionekane, kumwaga mbolea kwenye tope, kisha kurudisha maji taratibu ili yaisukume chini, au kudidimiza urea kwa mkono kati ya mashina. Mpunga ukishafunga na kuweka kivuli chake, mwani hupungua wenyewe na hatari hiyo hupungua nao.

Fosforasi ina somo lake. Mbolea ya kupandia ikitupwa juu ya maji hulisha mwani kabla haijafika kwenye mzizi, na mara nyingi zulia la kijani linaloonekana wiki moja baada ya kupandikiza ndilo jibu la kosa hilo. Ikichanganywa kwenye tope wakati wa kuvuruga, mwani hupata kidogo. Zulia likishatokea kwenye kitalu au kwenye miche michanga, upepo huliswaga upande mmoja wa jaruba na uzito wake huilaza miche. Kukausha jaruba siku moja au mbili hulikalisha chini likafa, na likioza huirudishia ardhi sehemu ya kile lilichochukua.

Si kila kijani ni adui. Baadhi ya mwani wa kibuluu na kijani, ambao kwa kweli ni bakteria, huvuta nitrojeni ya hewani na kuiacha shambani. Azola, kangaga dogo linaloelea, hufuga bakteria wa namna hiyo ndani ya jani lake. Ikipata fosforasi na maji yasiyochemka inaweza kujizidisha maradufu ndani ya siku tatu hadi tano. Rangi yake inasomeka pia. Azola ya kijani kibichi imeshiba. Ikigeuka nyekundu kama kutu, inalalamikia jua kali mno au upungufu wa fosforasi, na mpunga ulio pembeni yake huenda una upungufu huo huo.

Jiwe mkononi

Ukaguzi wa mwani huanza kwa kuokota jiwe la ukubwa wa ngumi kutoka kwenye maji ya kina cha goti, mahali penye jua. Hupapaswa kwa kidole. Kisha husuguliwa kwa mswaki wa zamani juu ya bakuli jeupe lenye maji kidogo, na rangi hutazamwa baada ya chembe nzito kutulia. Mawe matano kutoka sehemu moja ni bora kuliko moja, maana mawe ya jirani hutofautiana.

Utando wa kahawia wa dhahabu, mwembamba, ni wa diatomu, na ndio wa kawaida kwa kijito chenye afya. Nyuzi za kijani angavu zinazoteleza kati ya vidole kama mlenda ni spirogira au jamaa zake: maji yanakwenda polepole, jua lipo, chakula si haba. Nyuzi zilizo ngumu kidogo, zinazokwaruza kama pamba mbichi na zimeng'ang'ania jiwe, huonyesha maji yanayotembea na yenye chakula cha kutosha kwa muda mrefu. Mmea wenye vijitawi vya duara kama fagio dogo, unaovunjika kwa sauti na kunuka kitunguu saumu, ni kara, mwani mkubwa wa maji yaliyotulia na maangavu. Ngozi nyeusi yenye kijani, inayotoa harufu ya udongo uliooza, ni ya bakteria wa kibuluu na kijani, na maji yake hayafai kunywesha mifugo yanapokuwa mazito kama rangi.

Vitu viwili hufananishwa na mwani ilhali sivyo. Cha kwanza ni manyoya ya kijivu, laini kama pamba iliyoloana, yanayopeperuka kwenye mawe chini ya bomba au mtaro. Hayo ni makundi ya bakteria, na huota pale tu maji yanapopokea uchafu unaooza kama kinyesi, masimbi ya pombe au maji ya sukari. Yakikutwa, hufuatwa mkondo kwenda juu mpaka yanapokoma, na chanzo kiko hapo. Cha pili ni utando wa rangi ya kutu wenye kung'aa juu ya maji yanayochirizika kutoka kwenye udongo, jambo la kawaida uwandani. Wengi huudhania mafuta ya trekta. Jaribio ni kijiti: ukichomwa, utando wa bakteria wa chuma hupasuka vipande vipande kama kioo na haurudi, ilhali mafuta hujifunga tena nyuma ya kijiti.

Uwandani

Kilombero hupatikana kwa kukutana kwa mito ya Ruhuji, Mnyera, Mpanga na mingine inayoshuka milimani, na hutoa zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Uwanda wake uliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar, karibu kilomita za mraba 8,000. Hapa mmea hupambana na kina kinachobadilika mita kadhaa kati ya Oktoba na Aprili. Nyasi za ukingoni hurefusha mashina kadiri maji yanavyopanda, na mashina hayo hulala na kuelea, viboko wakayala kutoka pembeni. Mpunga pori wenye mizizi ya kutambaa hutumia mbinu hiyo hiyo, na ndiyo maana haung'oki kwa palizi moja. Matete hushika kingo ambako maji hupanda na kushuka, mafunjo hutaka unyevu wa kudumu. Yungiyungi hukaa kwenye mabwawa yaliyoachwa na mto ulipohama, ambako kikonyo chake hurefuka kufuata uso wa maji.

Mimea inayoelea kama gugu maji, na ile inayofanana na kabichi ndogo isiyofunga, haina nafasi kwenye mkondo wa kati: husombwa. Hatari yake ni kwenye mabwawa ya kando, mitaro na sehemu zilizozuiwa. Gugu maji lilikwisha kuonekana kwenye mito ya Sigi na Pangani katika miaka ya 1950, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaingia Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Shina lililovimba kama chupa na ua la zambarau ndizo alama zake. Likionekana bondeni likiwa mashina machache, hung'olewa siku hiyo hiyo na kuanikwa mbali na maji, na ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji au afisa kilimo wa kata hujulishwa. Kulipanda kwenye dimbwi la bustani kwa uzuri wa ua ni kosa lisilo na utetezi.

Kusafisha mfereji

Kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji hurudiwa kila msimu, na mahali pengine majani hurudi kabla jembe halijakauka. Sababu ni kwamba jani limeondolewa, hali iliyolileta imebaki. Mfereji uliopanuka kwa kumomonyoka hupitisha maji yale yale kwa kasi ndogo, tope hutua, majani hushika. Kuurudishia upana wake wa awali na mteremko wake kunafaa zaidi ya kufyeka mara mbili. Tope lenyewe hutolewa pamoja na majani, kwa kuwa ndani yake mna mizizi na fosforasi. Vyote hupelekwa shambani au kwenye mboji, wala havirundikwi ukingoni, maana mvua ya kwanza huvirudisha mferejini. Mti wa kivuli upande wa magharibi wa mfereji hupunguza jua la alasiri bila kuuzuia mpunga wa upande wa pili usipate la asubuhi.

Wakati mzuri ni mwisho wa kiangazi kabla ya maji ya msimu. Kufyeka katikati ya msimu huachia vipande kwenda chini, na vingi huota upya pale vinapokwama.

Kuna sababu ya kiafya pia. Konokono wanaobeba kichocho hushikilia majani ya maji ya polepole, na kasi ikizidi takriban sentimita 30 kwa sekunde hushindwa kujishika. Chungwa, basi, linapima na hilo. Vijidudu vyake hutoka kwa wingi kwenye konokono jua linapokuwa kali, kwa hiyo kung'oa majani asubuhi na mapema, ukiwa na mabuti na glavu, ni salama kuliko saa saba mchana peku. Mbu nao wana chaguo lao. Uchunguzi uliofanywa na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara umeonyesha kuwa Anopheles funestus, msambazaji mkubwa wa malaria bondeni, huzaliana kwenye maji ya kudumu: vidimbwi vya chemchemi, mabwawa ya asili na vijito vya mwendo mdogo, hasa penye majani. Jamaa yake arabiensis hupenda jaruba jipya lenye jua, mpunga ukiwa bado mfupi. Hivyo kufyeka ukingo wa dimbwi la kudumu kunamgusa wa kwanza, na wa pili hubaki na jaruba lake.

Daftari

Matokeo ya siku moja hayana uzito mpaka yawekwe kando ya mengine. Vituo vinne vinatosha: kijito juu ya banio, mfereji mkuu, mfereji wa matupio, na dimbwi moja la uwandani lililo mbali na viboko na mamba. Kila mwezi, tarehe na saa ile ile, huandikwa kasi ya chungwa, kina cha kisahani, siku tangu mvua kubwa ya mwisho, rangi ya bakuli, na kiasi cha maji kilichofunikwa na mimea inayoelea kwa kukisia robo, nusu au robo tatu. Wadudu wa chini ya mawe huongezwa na aliyefundishwa mfumo wa TARISS, uliotengenezwa Tanzania kwa kufuata ule wa SASS wa Afrika Kusini, ambao hutoa alama kwa mto kulingana na aina za viumbe wanaopatikana. Picha ya simu kutoka jiwe lile lile, upande ule ule, huokoa maneno mengi. Mwaka wa kwanza huonyesha majira tu. Kuanzia wa pili, mawe ya Septemba hulinganishwa na mawe ya Septemba, na tofauti yoyote isiyoelezwa na mvua huanza kufuatwa kutoka kituo cha chini kwenda cha juu, mpaka pale mawe yanaporudi kuwa ya kahawia.